Kwenu Niandike Wapi?

Siku niliyoingia hosteli nilimkuta msichana wa mwaka wa nne amekaa mlangoni na kalamu nyekundu, anaandika orodha. Alikuwa mwakilishi wa hosteli yetu ya wasichana, na kazi yake ya kwanza kila mwaka ilikuwa hiyo: jina, chumba, kozi, kaunti ya nyumbani. Nikamtajia jina langu, akaandika. Nikamtajia kozi, akaandika. Aliponiuliza kaunti nikasema Kericho. Akainua macho, akarudi kulitazama jina alilotoka kuliandika, akacheka.

"Kericho ya wapi na jina kama hilo? Sema ukweli, dada."

"Kericho hii hii. Nimezaliwa hapo juu tu, kwa majani ya chai."

"Haya," akasema, na akaandika Homa Bay, kule kwa Wajaluo kando ya ziwa.

Homa Bay nilikuwa nimefika mara nne maishani, na mara tatu kati ya hizo zilikuwa mazishi. Lakini sikubishana naye. Mimi ni mtu wa kushangaa kwanza, hasira zangu hufika baadaye, zikiwa zimechoka njiani. Kilichonishangaza ni jinsi alivyokuwa na uhakika. Hakuniuliza hata ni upande gani wa ziwa. Kama angebahatisha Siaya au Migori pia angeandika kwa mkono ule ule usiotetemeka.

Orodha ilibandikwa nyuma ya mlango mkubwa, ndani ya karatasi ya nailoni kwa sababu ya mvua. Kila nilipotoka nilikutana nayo. Nikaanza kuisoma jinsi watu wanavyosoma matangazo ya vifo kwenye gazeti, kutafuta ninayemjua. Nikagundua sikuwa peke yangu. Msichana mmoja aliyezaliwa Litein, hapa hapa Kericho, ambaye hajui njia ya kwenda Murang'a hata ukimpa ramani, alikuwa ameandikwa Murang'a kwa kuwa jina lake ni la Kikikuyu. Nilipomwonyesha alisema, "Zoea tu." Sikuzoea. Nilitaka kujua.

Niseme basi nilikotoka. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha chai, kwenye mashine za kukausha majani, na mama alikuwa mchumaji. Wote wawili walitoka upande wa ziwa wakiwa vijana. Tuliishi laini, yaani zile nyumba za kampuni zilizopangwa safu kwa safu katikati ya chai, zote rangi moja, zote mlango mmoja na dirisha moja. Nyumba ya laini ni yako mradi una kazi. Mashine za kuchuma zilipoletwa mama akaachishwa, na baba akastaafu mwaka ule ule nilioingia chuo. Wakafunga vyombo, wakaenda kujenga kwao. Nyumba niliyozaliwa ikapewa watu wengine wiki hiyo hiyo, na mtu akaning'iniza pazia la maua pale tulipokuwa na pazia la buluu. Kwa hiyo ukiniuliza kwetu ni wapi, unaniuliza kitu ambacho hata mimi nilikuwa nakitafuta.

Nilikaa chumba kimoja na msichana wa Merigi, kule Bomet Mashariki. Alisomea ualimu, mwaka wa tatu. Alikuwa mpole kiasi cha kukera, anaosha kikombe kabla ya kukitumia na baada ya kukitumia, na akicheka anashika kifua kama anayezuia kitu kisimwagike. Juma la kwanza la matope aliniazima buti zake za mpira bila kuombwa, naye akaenda darasani na viatu vya kitambaa. Nilimsalimia kwa Kikipsigis changu, kile cha laini, tulichojifunzia bombani tukigombania zamu ya maji. Alicheka hadi akakaa chini.

"Nani alikufunza hivyo? Hayo ni maneno ya kufukuza ng'ombe!"

"Nilifunzwa na waliokuwa wananifukuza."

Tukawa marafiki kuanzia hapo.

Ni yeye aliyenipeleka Alhamisi. Alhamisi ndivyo tulivyokiita kile kikao, kwa kuwa hakikuwa na jina lingine. Mhadhiri wetu wa historia, mama mmoja wa Kaplong ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa amechoka kuona wanafunzi wanakaa darasani kwa makabila, Wakipsigis dirishani, Wajaluo nyuma, Wakikuyu karibu na mlango. Akaomba chumba kidogo kando ya maktaba, akaleta chupa mbili za chai kutoka kwake, na akatangaza kwamba yeyote anayetaka kubishana aje. Tulikuwa kumi na wawili, kumi na watano, inategemea mvua.

Kulikuwa na sheria moja tu. Kabla ya kumpinga mtu, lazima urudie alichosema, kwa maneno yako, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Ni hivyo." Asiposema hivyo, huna ruhusa ya kujibu. Unajaribu tena.

Ukisikia inaonekana kama mchezo wa watoto. Jaribu. Jioni ya kwanza tulizungumzia wanaoongea kilugha kwenye ukumbi wa hosteli mbele ya wasioelewa. Nikasimama na hoja yangu moto, lakini kwanza ilibidi nirudie ya msichana wa Sotik aliyesema yeye huongea Kikipsigis kwa sababu Kiswahili chake huchekwa. Nikasema, "Unasema hujali wengine." Akatikisa kichwa. "Unasema hujui Kiswahili." Akatikisa tena, sasa kwa uchungu. Mara ya tatu nikasema, "Unasema ukiongea Kiswahili watu husikiliza makosa yako badala ya maneno yako." Akasema, "Ni hivyo." Na mimi nikagundua sina tena la kumpinga. Nilirudi chumbani nimeudhika vibaya sana, na Alhamisi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Muhula wa pili ukaja uchaguzi wa mwakilishi wa hosteli. Desturi ilikuwa mlolongo. Wagombea wanasimama uwanjani, wapiga kura wanapanga foleni nyuma ya wamtakaye, matroni anahesabu vichwa, kwisha. Tukalijadili jambo hilo Alhamisi. Mwenzangu wa chumba aliutetea mlolongo. Alisema kituo chao cha kupeleka majani, pale nyumbani, huchagua kamati hivyo hivyo. Unamwona jirani yako amesimama wapi, na kesho mnaendelea kuchuma chai bega kwa bega. Hakuna wa kuiba.

Kulikuwa na kijana mmoja, wazazi wake wana duka la vifaa vya ujenzi mjini Kericho, Mkikuyu wa kuzaliwa hapa kama nilivyozaliwa mimi. Yeye ndiye aliyempinga, na kwanza akarudia hoja yake vizuri, bila kuacha kitu, hadi akapewa "Ni hivyo" yake. Kisha akasema, "Sasa sikia yangu. Baba yangu hawezi kusimama foleni yoyote ya kuonekana. Hata ya unga. Anasema mahali umesimama leo, mtu atakumbuka kesho."

Kila mmoja wetu alijua anazungumzia mwaka upi, ule wa vita vya baada ya uchaguzi, ingawa tulikuwa wadogo wakati huo. Mimi namkumbuka mama mwaka ule akipakia sufuria kwenye gunia, akizitoa tupike, akizipakia tena. Alifanya hivyo mara tatu kwa wiki moja. Niliona ni mchezo, na nilimsaidia kwa furaha.

Mwenzangu wa Merigi alihitaji kujaribu mara mbili kabla ya kijana yule kumkubalia. Alipokubaliwa akasema taratibu, "Basi tuweke sanduku." Hivyo ndivyo hosteli yetu ilivyopata kura ya siri. Matroni alikubali kwa sababu Madam alimwomba, na yule kijana akajitolea kusimamia sanduku. "Mimi siwezi kulala kwenu, siwezi kupiga kura kwenu," alisema. "Nipeeni hiyo box, nitailinda kama simiti ya mzee."

Nilijaza fomu ya kugombea siku iliyofuata. Niliporudi chumbani kumwambia mwenzangu, akashika kifua akacheka. Alikuwa amejaza yake asubuhi. Hakukuwa na mgombea mwingine. Tulipika uji mzito wa ngano kwenye sufuria moja, tukautumia kama gundi, na tukazunguka pamoja tukibandika mabango, lake na langu, urefu mmoja.

Nakiri kwamba sikuutaka uongozi. Mwanzoni nilitaka kalamu. Nilitaka kukaa mlangoni mwaka unaofuata na kuandika kila mtu alichosema. Lakini kadiri siku zilivyokwenda nikatambua kuna kitu kingine nilichotaka zaidi, nacho kilinitia hofu. Nilitaka kujua kama wasichana wa hapa, wengi wao Wakipsigis, wanaweza kunipigia kura mimi mtoto wa laini wakiwa peke yao na karatasi, bila mtu wa kuwaona. Hilo tu. Kushinda au kushindwa kungenijibu, na hakuna mtu duniani ningeweza kumuuliza nikapata jibu la kweli.

Wiki moja kabla ya kura ilikuwa mapumziko ya katikati ya muhula. Sikuwa na pa kwenda karibu, na mwenzangu akanialika kwao.

Kwao ni mwendo mfupi kutoka sokoni Merigi. Shamba la chai linateremka hadi mtoni, na nyumba ya mabati ina jiko la kando lililojaa moshi mtamu. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya pili, na Kiswahili chake kilikuja kizito, kila neno limebebwa.

"Karibu, mtoto yanku. Keti. Wewe ndiye unakaa na huyu? Anakupikia?"

Nikasema ananipikia. Uongo, lakini alifurahi.

Ukutani jikoni kulikuwa na vibuyu vinne vya mursik, yale maziwa ya kugandishwa yanayotengenezwa kwa makaa ya mti maalumu hadi yanakuwa ya kijivu. Vitatu vilikuwa vya kila siku, vimechakaa kwa kushikwa. Cha nne kilining'inia peke yake, chembamba, kimevishwa ngozi na shanga, kifuniko chake kimesuguliwa mafuta. Mama akatumiminia kutoka kile cha kawaida, kila mtu kikombe chake.

Hapa ndipo udadisi wangu ulipoponza watu. Nikakisonta kile cha shanga. Nikauliza ni cha nini. Mama akasema ni cha kumpokea mtu akitoka kushinda. Nikakumbuka wakimbiaji ninaowaona kwenye televisheni wakishuka ndege, wanakunywa moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu huku kimeshikwa na mama zao, maziwa yanawatiririka kidevuni. Nikasema, kama mtoto kabisa, "Mama, mimi sijawahi kunywa hivyo. Naomba nijaribu siku moja."

Mama alicheka hadi machozi. "Kwani wewe umeshinta nini?"

"Bado, mama. Nashinda wiki ijayo. Kuna uchaguzi chuoni, uniombee."

Akakishusha. Akakijaza kutoka kwa kile kingine, akakishika kwa mikono miwili, akaniinulia mdomoni, na akasema maneno ya baraka kwa Kikipsigis. Nilielewa nusu. Binamu mmoja wa pale nyumbani akapiga picha. Maziwa yakanimwagikia kifuani, nikacheka, mama akacheka. Mwenzangu alikuwa ameshika kikombe chake. Alikiweka chini na kusema anaenda kuangalia ndama.

Sikuona chochote. Najua sasa kwamba nilipaswa kuona.

Tuliporudi chuoni picha ilikuwa imetutangulia. Binamu aliiweka kwenye status yake, mtu wa hosteli akaichukua, na ikazunguka kundi letu lote ikiwa na maneno, "Mama ya mpinzani ashapeana mursik. Hii imeisha." Watu wa mahali pengine wangeiona picha ya mgeni anakunywa maziwa. Hapa kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kibuyu cha shanga mkononi mwa mama, mdomo wa mtu kwenye kibuyu, huyo ameshinda. Na mama aliyekishika alikuwa mama wa yule mwingine. Wasichana walinisimamisha ngazini kunipongeza. Wengine walimtazama mwenzangu kwa huruma, na mmoja akamwambia waziwazi, "Kama hata mamako amekuacha, sisi ni nani?"

Jumatano jioni mwenzangu aliniambia, akiwa amenipa mgongo, kwamba kesho ataondoa jina lake.

Nilishtuka kwa namna mbili na nitazisema zote. Niliumia kwa ajili yake. Na nilikasirika kwa ajili yangu, kwa sababu akijitoa ningepita bila kupingwa, na kile nilichotaka kukijua nisingekijua kamwe. Ningekabidhiwa kalamu na swali langu likabaki pale pale. Nikamwomba, nikamlaumu, nikamwambia ni picha tu. Akajifunika blanketi.

Alhamisi alikuja kikaoni, nadhani kwa kuwa hakutaka kuonekana amenikimbia. Alimweleza Madam kwamba anajitoa. Madam akamimina chai, akasema sawa, ni haki yake, lakini kuna mtu chumbani anayetaka kumpinga, na sheria ni ile ile. Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Unasema picha imekuharibia kura."

"Hapana."

"Unasema nilienda kwenu kwa ujanja, nikamtumia mama yako."

"Hapana."

"Unasema nimejifanya mtu wa kwenu na mimi siyo."

Hapo alinitazama vibaya. "Hapana. Hilo hata usirudie."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ile ya kila alasiri. Yule kijana wa duka akasema chini chini, "Aki huyu amekwama." Na kweli nilikuwa nimekwama. Nilikuwa nimerudia maneno ya watu mihula miwili, nimekuwa hodari, najivuna kwamba mtu akikohoa najua anamaanisha nini. Na huyu, ninayejua hadi anavyokunja soksi, sikumjua. Zile namna tatu nilizokisia zote zilinihusu mimi. Niliona aibu, na ndani ya aibu hiyo udadisi wangu wa zamani ukaamka, safari hii ukiwa mnyenyekevu kidogo.

"Sijui unasema nini," nikamwambia. "Niambie, tafadhali."

Alizungumza akitazama chupa ya chai.

"Hiyo kibuyu mama alitengeneza ya ndugu yangu. Alikuwa anakimbia. Alienda kambi miaka mbili, akaumia mguu, akarudi. Hakuna siku ilishushwa. Mimi nikafanya mtihani, nikapita. Kwetu hakuna mwingine amefika chuo kikuu. Siku barua ilitoka nilitembea kutoka sokoni nikijua leo atashusha. Nilikuwa hata nimejipanga vile nitakunywa." Akashika kifua, lakini hakucheka. "Akanipikia chai. Akasema nimefanya vizuri. Nikangoja. Kila likizo nikifika, naangalia ukuta. Halafu wewe umekuja mara moja. Ukaomba tu."

Nikasema:

"Unasema mimi niliomba siku moja nikapewa. Na wewe umengoja miaka, kwa sababu mtoto wa nyumbani haombi."

"Ni hivyo."

Sikuwa nimewahi kuogopa maneno mawili kama nilivyoyaogopa hayo. Nilimwomba msamaha, si kwa picha, bali kwa kuwa nilikunywa bila kumtazama. Madam akatujazia vikombe. Kisha akasema zamu imegeuka, na akamuuliza mwenzangu kama anajua mimi napinga nini.

Mwenzangu alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Hakufikiri hata kidogo.

"Unasema nikitoka utapita. Lakini hutajua kama walikutaka."

Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilisema "Ni hivyo", na yule kijana akachukua kikombe chake na kwenda kusimama dirishani, akajifanya anaangalia mvua.

Jioni hiyo mwenzangu alisimama kwenye ukumbi wa hosteli akampigia mama yake simu. Mlango wa chumba chetu ulikuwa wazi. Aliongea Kikipsigis, na Kikipsigis changu cha bombani kilinitosha kusikia neno moja alilolirudia mara mbili, amache. Nataka. Hakuwa amemwambia mama yake kwamba anagombea. Mama alinibariki bila kujua anambariki nani dhidi ya nani. Aliporudi ndani alichukua bango lake lililokuwa limeng'oka pembe, akaniuliza kama ule uji umebaki.

Tulipiga kura Jumatatu. Sanduku lilikuwa katoni ya majani ya chai iliyokatwa mdomo, na yule kijana alilikalia karibu kihalisi, hata matroni akamwambia apumue. Walihesabu mbele yetu, wakifungua karatasi moja moja. Jina langu lilikuja mara nyingi. Nililihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa sweta, na vidole vikaisha, nikaanza upya, vikaisha tena. Katika hosteli ile watu wa upande wa ziwa hawakufika ishirini hata ukimhesabu matroni. Mimi nilikwenda mbali sana kupita hapo.

Alinishinda kwa kura saba.

Niliumia, nisidanganye. Nililia chooni, nikanawa, nikatoka. Lakini chini ya kile kilio kulikuwa na kitu kimetulia. Niliwatazama wasichana wakiteremka ngazi, kila mmoja na siri yake, na nikashangaa: ni yupi? Ni yule wa Sotik anayechekwa Kiswahili? Ni yule aliyeniazima pasi? Sikujua na sikupaswa kujua. Kwa siku kadhaa niliwasalimia wote kwa uangalifu, maana yeyote kati yao angeweza kuwa yeye.

Jumamosi mama alikuja kutoka Merigi amevaa nguo yake ya kanisa, na kitu kirefu kimefungwa kwa leso. Alikifungulia pale pale getini mbele ya askari na wasichana waliokuwa wanaanika nguo. Alimwita binti yake, akakiinua kwa mikono miwili. Mwenzangu alikunywa polepole, macho amefumba, na hakumwaga hata tone. Nadhani alikuwa amejipanga kweli. Mimi nilisimama kando. Nilimwonea wivu, na nilifurahi, kwa wakati mmoja, na mama yangu mwenyewe alikuwa mbali upande wa ziwa akipalilia mahindi.

Mama akaniona.

"Na wewe? Si ulisema utashinta?"

"Nimeshindwa, mama."

Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa kikombe cha bati. Alikuwa amekibeba kutoka nyumbani. "Basi leo utakunywa na kikombe, kama watu wa nyumbani."

Wasichana wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, na nikanywa hadi chini.

Jumatatu mwenzangu aliibandua ile orodha ya zamani nyuma ya mlango. Akaweka kiti pale pale, akatoa kalamu, ya buluu safari hii, na akaanza kuandika hosteli upya, chumba hadi chumba. Alikataa kuniandika kwa kichwa ingawa anajua kila kitu changu. Nilipanga foleni kama wengine. Nilipofika mbele akaniuliza jina, nikamtajia. Akaniuliza kozi. Kisha akainua macho, na sura yake haikuwa na mzaha.

"Kwenu niandike wapi?"

Nikafungua mdomo na, kwa mara ya kwanza, jibu halikuwa tayari. Nilifikiria pazia la maua. Nilifikiria mama na mahindi yake. Nilifikiria karatasi zile zilizokunjwa, zaidi ya vidole vyangu.

"Kericho," nikasema.

Hakuandika. Aliishika kalamu juu ya karatasi, akangoja, kama tulivyofunzwa.

"Unasema kwenu ni Kericho."

"Ni hivyo."

Akaandika.